Muulize Ami: Mama ameshaaga mtaa mzima, shirika la ndege limefuta tiketi

Asalaam aleikum Ami,

Mimi ni kijana wa Langoni hapa Lamu. Kazi yangu ni boti, navusha abiria wa uwanja wa ndege wa Manda. Nakuandikia kwa sababu nyumba imepatwa na fedheha na sijui pa kuanzia.

Alhamisi usiku baada ya isha, binamu yangu alinitumia picha aliyoipiga kwenye skrini ya simu yake: Mombasa hadi Jeddah, kwenda na kurudi, shilingi 12,400. Nikadhani ni kwenda tu. Nikaingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, si kwa wakala, nikaikuta bei ni hiyohiyo na kodi zimo. Wewe unajua safari hii hapa kwetu si chini ya 75,000, na Ramadhani ikikaribia ndiyo usiseme. Mama yangu ana umri wa kutosha na hajawahi kuiona Al-Kaaba. Nililipa kwa kadi ya benki, tiketi mbili, yangu na yake. Sikuificha neema. Niliwatumia jamaa wote kwenye kundi letu la WhatsApp: "Wamekosea hawa, nunueni haraka kabla hawajaamka."

Mama mdogo, anayekaa Barani kule Malindi, aliuona ujumbe Ijumaa asubuhi. Ile bei alikuwa keshaikosa, akapata ya 58,000 kwa tarehe za wiki moja baadaye, akalipa kwa pesa zake za mchezo, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu.

Tiketi zilikuja kwenye barua pepe na namba zake zote. Basi tukajipanga. Nililipia hoteli Makka, 46,000, ile ya bei nafuu isiyorudishwa pesa. Viza tukalipia. Mama akachomwa sindano ya homa ya uti wa mgongo. Akaanza kuaga, na wewe unajua kuaga kwa Lamu: kila nyumba inatoa salamu za kumfikishia Mtume, huyu anataka aombewe mtoto, yule ametoa pesa aletewe zamzam.

Jumatatu alasiri ikaja barua pepe ya pili. "Kutokana na hitilafu ya mfumo, tiketi zilizouzwa katika muda ufuatao zimefutwa." Pesa zitarudi ndani ya siku 14 za kazi. Zimefutwa zote tatu, ya mama mdogo pia imo. Nimepiga simu ofisi yao ya Mombasa, msichana akaniambia ni uamuzi wa makao makuu.

Binamu yangu yeye alinunua tiketi nane na alishachukua arubuni ya 10,000 kwa watu kadhaa hapa mtaani, awauzie kwa 40,000. Sasa anataka tushtaki pamoja. Anasema Marekani kuna sheria, shirika likishauza limeuza. Kuna wakili anataka 30,000 ya kufungulia faili.

Ami, tunaweza kuwalazimisha watupeleke kwa bei ile? Na hoteli yangu je? Mama bado sijamwambia. Risiti zote nimekuambatishia.

Nahodha wa Langoni

*

Waaleikum salaam, nahodha.

Mwambie mama leo. Kila siku unayokaa kimya kuna nyumba nyingine inayoongeza salamu na pesa ya zamzam, na aibu ya kuzirudisha ni yake, si yako. Zile pesa za watu ziwekwe kando kama amana, asizitumie. Mwenye kutaka arudishiwe, arudishiwe.

Tiketi zenu mbili za 12,400 hamtazipata. Tiketi ya mama mdogo ni shauri jingine kabisa, nawe umelipitia mbiombio kana kwamba ni mkia wa barua. Na hasara mliyoingia kwa kuziamini tiketi inadaiwa. Nitayachukua hivyo, moja moja.

Fungua risiti yako uisome mstari kwa mstari, si jumla peke yake. Kuna mstari wa nauli, halafu kodi na ada. Nauli yako imeandikwa shilingi 900. Zilizobaki 11,500 ni kodi na ada. Yaani shirika limekuuzia Mombasa hadi Jeddah na kurudi kwa 900. Kwa pesa hiyo wewe mwenyewe huwashi mashine kumpeleka mgeni Manda Toto akaogelee ukamrudisha. Hakimu yeyote akiuona mstari huo hatauliza mengi.

Makosa haya hutokea kwa njia za kawaida sana. Nauli huingizwa na mtu aliyeketi ofisini, kisha husambazwa kwenye mifumo ya kuuzia tiketi duniani kote. Tarakimu mbili zikianguka, 90,000 inakuwa 900. Wakati mwingine nauli ni sahihi lakini ada ya mafuta, ambayo kwenye safari ndefu huweza kuwa kubwa kuliko nauli yenyewe, imesahauliwa. Wakati mwingine ni kiwango cha kubadilishia fedha. Februari 2015 tovuti ya United Airlines ya Denmark ilikosea hesabu ya krona, watu wakanunua daraja la kwanza kutoka London hadi Newark kwa dola zisizofika mia. Wengi wao hawakuwa Denmark wala hawajui Kidenishi. Walichagua tu kwenye tovuti kwamba wako huko ili bei iwatokee. United ikazifuta.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sheria ya Marekani ya binamu yako. Hakuitunga kichwani. Wizara ya uchukuzi ya Marekani ilikuwa na kanuni inayokataza kumpandishia abiria bei akishalipa, na kwa muda watu waliitumia kuyabana mashirika yaliyokosea nauli. Lakini kesi ya Denmark wizara ilikataa kuiingilia, na Mei mwaka huohuo 2015 ikatoa waraka: shirika likithibitisha kwamba nauli ilikuwa kosa, halitalazimishwa kuitimiza, ila lirudishe pesa ya tiketi na limfidie abiria gharama alizoingia kwa kuitegemea tiketi hiyo, kama hoteli isiyorudishwa pesa. Binamu yako anatumia habari iliyopitwa na wakati. Na hata ingekuwa hai, safari ya Mombasa hadi Jeddah haiigusi Marekani popote. Ila ile nusu ya pili ya waraka uishike akilini, tutaihitaji.

Sisi Kenya tuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, na kifungu chake cha 2 kinasema mikataba yetu hufuata sheria ya kawaida ya Uingereza. Kwa hiyo kesi za huko zinatuhusu. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1939, mfanyabiashara mmoja London alitaka kuuza ngozi 30,000 za sungura wa Argentina. Mazungumzo yote yalikuwa ya bei kwa ngozi moja, lakini barua ya mwisho ikaandikwa bei kwa ratili, na ratili moja ni kama ngozi tatu. Mnunuzi akang'ang'ania barua. Mahakama ikamwambia: ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba huyu amekosea. Hakuna mkataba.

Kuna nyingine iliyo karibu zaidi na yako, ya Singapore, iliyoamuliwa mwaka 2004 na kuthibitishwa katika rufaa mwaka 2005. Duka la mtandaoni liliuza printa ya leza kwa dola 66 za huko badala ya 3,854. Marafiki sita wakaagiza printa 1,606 usiku mmoja. Walishindwa. Na kilichowamaliza ni maneno yao wenyewe, yale waliyoandikiana usiku ule wakihimizana wanunue.

Sasa kausome tena ujumbe wako wa WhatsApp: "Wamekosea hawa, nunueni haraka kabla hawajaamka." Umeniandikia ukijivunia ukarimu. Wakili wa shirika atausoma polepole mbele ya hakimu, kisha akae chini. Usiufute, maana umeshafika kwenye simu za jamaa wote na kuufuta kutaonekana kama kuficha. Lakini usipeleke mahakamani dai ambalo jibu lake umeliandika kwa mkono wako.

Sikulaumu kwa kujaribu. Mtu akiona Jeddah kwa 12,400 asibonyeze, huyo si mtu wa pwani hii. Na kuna mashirika yaliyokubali hasara. Siku ya mwaka mpya 2019 Cathay Pacific iliuza daraja la biashara kutoka Vietnam hadi New York kwa dola 675 hivi kwenda na kurudi, ikasema sawa, njooni mpande. Mwaka 2024 Qantas iliuza daraja la kwanza kutoka Australia hadi Marekani kwa punguzo la kama asilimia 85, watu wapatao 300 wakanunua. Hao wakaambiwa watapelekwa kwa daraja la biashara bila kuongeza kitu, au warudishiwe pesa. Hiyo yote ilikuwa hisani, na mwenye hisani yake huitoa akipenda. Kuomba kunaruhusiwa. Katika barua yako waombe bei ya punguzo kwa ajili ya mama. Kama ni halali kumshikilia mtu kwa bei aliyokosea, hilo si swali la safu hii, na msikiti hauko mbali na kwenu.

Tuje kwa mama mdogo. Yeye alinunua Ijumaa asubuhi, bei ile ya ajabu ikiwa imeshaondolewa. Alilipa 58,000 kwa safari inayouzwa 75,000. Kwenye risiti yake nauli ni 46,500 na kodi zile zile 11,500. Niambie, mtu wa Barani anayelipa 58,000 atajuaje kwamba hiyo ni hitilafu na si ofa? Mashirika hupunguza kiasi hicho kila siku, na huwatumia watu matangazo ya kuwahimiza. Ile hoja ya "ulijua au ulipaswa kujua" haimgusi. Inavyoonekana shirika lilichora mstari, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, likafuta kila kilichouzwa humo bila kuangalia nani alilipa nini. Yeye amekokotwa na jarife pamoja nanyi.

Akipeleka hoja, ana msingi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi na kufidiwa hasara, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamkataza muuzaji kutoa maelezo ya kupotosha. Kuna mfano wa Kanada unaonipendeza, wa Februari 2024. Abiria aliyefiwa aliuliza programu ya kujibu maswali kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli ya msiba, ikamwambia anunue kwanza aombe punguzo baadaye. Ilikuwa si kweli. Shirika likajitetea kwamba programu ile inajibu yenyewe. Baraza la kule British Columbia likakataa: tovuti ni yenu, maneno ni yenu, abiria hakuwa na sababu ya kutoamini, lipeni. Walilipa kama dola 812 za Kanada. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa kwetu, ila hoja inasimama popote: kosa ambalo mnunuzi hawezi kuliona ni mzigo wa muuzaji.

Kwa hiyo mama mdogo aandike barua yake peke yake, kwa jina lake, na wewe usitajwe humo. Iwe fupi. Namba ya tiketi, ile yenye tarakimu 13, si ile alama ya herufi na tarakimu sita ya kuhifadhia nafasi. Tarehe na saa aliyolipa. Kisha sentensi kama hizi: "Nililipa nauli ya shilingi 46,500 ambayo haikuonyesha dalili yoyote ya kuwa na kosa. Naomba mnirudishie nafasi yangu katika tarehe ileile au ya karibu kwa bei niliyolipa. Ikiwa hamwezi, naomba mnilipe tofauti ya bei ya tiketi nitakayolazimika kununua." Basi. Asiweke hasira, asiweke machozi, asitaje tiketi za 12,400. Na zile 58,000 zikirudi kwenye akaunti asiseme popote kwamba amemalizana nao. Tena kabla ya kutuma apige picha ya bei ya leo ya safari ileile, tarehe na saa zionekane; hiyo ndiyo itaonyesha hasara yake.

Wewe na mama barua yenu ni ya gharama, si ya tiketi; hapa ndipo ile nusu ya pili ya waraka wa Marekani inapotufaa, kama mfano. Andika ulichotumia kati ya Alhamisi usiku na Jumatatu alasiri, kila kimoja na risiti yake: hoteli, viza, na makato ya benki kama kadi ilikata kwa dola. Hapo uwe macho. Pesa ikitoka kwa kiwango kimoja cha dola na kurudi kwa kingine, utapokea pungufu, na shirika litasema limerudisha yote. Dai shilingi zilezile zilizotoka. Ulichonunua baada ya kuipata ile barua ya Jumatatu usikitie, kitaharibu vilivyo safi. Nguo za ihramu usizitie pia, mtazivaa. Sindano ya mama haijapotea. Cheti chake kinatumika kwa miaka mitatu au zaidi kulingana na aina ya chanjo, kiwekeni na pasipoti. Viza angalieni inakwisha lini kabla hamjaiita hasara.

Hoteli, kabla ya kumdai mtu, waandikie wenyewe wa Makka. Waambie ndege imefutwa, ambatisha barua ya shirika, omba wakubadilishie tarehe, usiombe pesa. Isiyorudishwa pesa mara nyingi huhamishwa tarehe ukiomba kwa adabu na mapema, hasa tarehe zako kama hazijafika msimu wa watu wengi. Wakikataa, jibu lao la kukataa ndilo ushahidi wako kwamba ulijitahidi kupunguza hasara. Mahakama hulipenda hilo.

Sitakuficha kwamba ule ujumbe wako utaligusa hata dai hili. Watasema: ulijua ni kosa, kwa nini ukalipia hoteli isiyorudishwa? Jibu lako ni kwamba walikutumia tiketi yenye namba, wakakaa nayo mwisho mzima wa wiki bila neno. Ni jibu zuri kiasi. Huenda ukapata nusu. Siku nyingine ukiangukia bei ya namna hii, lipa tiketi halafu funga mkoba kwa wiki mbili, hoteli chukua ile ya kufutika hata kama ni ghali kidogo, na kuaga mama aage akiwa na begi mkononi.

Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Mama mdogo anaweza pia kuandikia Mamlaka ya Ushindani, ambayo hushughulikia wauzaji wanaopotosha wateja. Na wakili wa 30,000 mwache. Ukimlipa huyo, umemlipa theluthi mbili ya hoteli ili akudai hoteli. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, ya sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unajaza fomu, unasimama mwenyewe bila wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Kawaulize kwenye masijala ya mahakama iliyo karibu nanyi wakuelekeze pa kuipeleka.

Pia kuna watu wanaozifuatilia habari hizi. Akikupigia mtu akijiita wa shirika, anataka namba ya siri ya kadi au ya M-Pesa "akurudishie pesa haraka", kata simu.

Limebaki la binamu. Usishtaki naye, wala jina lako lisikae kwenye karatasi moja na lake. Wewe ulitaka kumpeleka mama umra. Yeye amenunua nane za kulangua, na yale yaliyowapata wale wa printa 1,606 ndiyo yatakayompata. Halafu kuna jambo ambalo sidhani kama amelifikiria: tiketi ya ndege kwa kawaida haihamishiki jina. Zile nane amezinunua kwa majina ya nani? Kama ni ya wale waliompa arubuni, angalau alikuwa na cha kuwauzia. Kama ni majina ya kubuni, alipokea 10,000 za watu kwa kitu ambacho hakikuwepo hata kabla shirika halijafuta chochote, na kosa hilo polisi wana jina la kuliita. Mwambie azirudishe zote wiki hii, kwa M-Pesa, ujumbe wa kila malipo auhifadhi, asingoje pesa za shirika zirudi kwanza. Akisema hana, auze kitu.

Barua ya mama mdogo ndiyo itangulie, kabla ya yenu. Wakimjibu, nitumie jibu lao lote kama lilivyo, jina lake ulifute.

Ami